Mtihani wa Mahindi

Binti yangu alimleta mtoto wake Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, na kabla hajakunywa hata chai akaniwekea sheria.

"Mama, huyu ndiye tu niko naye. Asiingie kwa hayo mahindi. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia. Kusikia nilisikia, mimi si kiziwi. Lakini kukubali ni jambo lingine, na kwa kuwa ananijua vizuri akanikazia macho, akaongeza pole pole ili nisije nikasema sikuelewa: "Ukimwingiza huko, nitakuja kumchukua siku hiyo hiyo, na sitamleta tena."

Kisha akanywa chai, akapanda boda boda kurudi Eldoret mjini, akaniacha na msichana wa miaka tisa mwenye begi kubwa kuliko yeye na maswali makubwa kuliko begi. Mtoto huyo ananiita Kukhu, maana sisi watu wa Bungoma ndivyo tunavyoita nyanya. Wajukuu ninao wengine, watoto wa wavulana wangu, na wote nawapenda. Lakini huyu wa binti yangu kwa kawaida nilikuwa namwona likizo tu, na ningeambiwa hatakuja tena, haki ya Mungu sijui ningeamka asubuhi kufanya nini.

Nyumba yangu iko upande wa Soy, kwenye kipande kidogo nilichoachiwa na marehemu mume wangu. Ukitoka kwenye geti langu na kuvuka njia ya murram isiyo na lami, unakutana na shamba la mahindi ambalo mwisho wake huuoni. Mtu wa Nairobi ukimwambia kwamba binadamu anaweza kupotea kwenye mahindi, anacheka. Ebu aingie! Mwezi wa nane mahindi ya huku yamempita mtu mzima. Ndani huoni kitu ila majani, mbele majani, nyuma majani, juu mbelewele na kipande cha mbingu. Ukiita, sauti yako inaishia hapo hapo. Kuna watu wazima, tena wenye ndevu, wameingia kukojoa wakatokea kijiji kingine.

Na binti yangu mwenyewe alipotea humo. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Alikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa kibarua wa kupalilia kwenye mashamba ya matajiri, na yeye nilikuwa nakwenda naye, namkalisha pembeni penye kivuli na chupa ya uji. Siku hiyo nikainua kichwa, mtoto hayupo. Nikatupa jembe. Niliita kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua lilipoanza kuinama. Niliita kwa upole dakika mbili za kwanza, baada ya hapo niliita kwa vitisho vyote nilivyovijua, maana hofu ikinishika mimi hutoka kama hasira. Ndivyo nilivyoumbwa. Mume wangu, aliyekuwa dereva wa trekta, ndiye aliyemwona, yeye mwenyewe akiwa amesimama juu ya kiti cha trekta: sweta nyekundu, katikati ya mahindi, imejikunja. Alipomshusha mbele yangu nilishika fimbo ya kwanza niliyoiona. Nilimchapa, halafu nikamkumbatia, halafu nikamchapa tena kidogo. Wazazi wa siku zile mtanielewa.

Kwa miaka mingi nilijua moyoni kwamba siku hiyo nilikuwa mama mwema. Nilitafuta mtoto mpaka sauti ikaniisha, nikampata, nikamtia adabu. Na baada ya hapo nikaapa kwamba hakuna mtoto wa nyumba yangu atakayepotea tena kwenye mahindi. Nikaanza kuwafundisha. Wavulana wangu kwanza, kisha wajukuu, mmoja mmoja wanapofika umri wa miaka minane au tisa. Binti yangu yeye alikataa. Hata kuzunguka ukingo wa shamba alikuwa hataki, alikuwa anapita barabarani hata kama ni mbali mara tatu. Nilimwita mwoga. Hilo nalo nalisema wazi kwa sababu nimechoka kujipaka mafuta.

Masomo yangu si mengi. La kwanza ni gunia. Unalishika gunia, unasukuma pembe moja ya chini ndani ya pembe nyingine, unajivika kichwani, na tayari una kofia na koti la mvua mpaka kiunoni. Vibarua wote wa huku wanalijua hilo. La pili ni radi: ikinguruma, mbali na mti uliosimama peke yake, mbali na seng'enge, chuchumaa miguu ikiwa pamoja, usilale chini. La tatu, popote unapopita funga jani fundo, ili anayekutafuta ajue ulikuwa hapo. La nne, ukitokea mahali usipopajua, kaa. Usianze kuzurura, maana anayezurura anamkimbia anayemtafuta bila kujua.

La tano ndilo nililokuwa najivunia, kwa sababu nilifundishwa na mume wangu. Shamba lile limeinama kutoka kwenye mikaratusi huko juu mpaka barabara ya lami huku chini. Yeye ndiye aliyelilima na kulipanda miaka yote, na kila mwaka mistari ilishuka wima kutoka kwenye miti mpaka barabarani. Kwa hiyo ukipotea, chagua mstari mmoja, usiuvuke, ufuate mpaka mwisho. Ama utatokea kwenye miti kwa walinda shamba, ama barabarani kwa watu. Kamwe hutatokea upande wa kushoto, ule ulio mbali na geti langu, kwenye kinamasi, ambako ng'ombe wa jirani aliwahi kuzama akatolewa kwa kamba akiwa amekufa. "Mstari haudanganyi," niliwaambia watoto, na nikawafanya wayarudie maneno hayo mpaka wakachoka.

Mjukuu wangu alianza kuniuliza siku ya pili tu.

"Kukhu, kina binamu wamesema wewe unapeana mtihani wa mahindi."

"Kina binamu wako wana mdomo mrefu."

"Wamesema wote wamepita. Mimi tu ndiye mtoto wa ploti."

Mtoto wa ploti! Yaani mtoto wa kufungiwa ndani ya geti la nyumba za kupangisha, asiyejua hata kuku anapolala. Waliomwambia hivyo walistahili kofi. Lakini niliona jinsi alivyolisema, akichezea ukingo wa gambuti, buti zake za mpira, bila kuniangalia, na nikajua limemchoma. Na mimi, mtu wa kichwa kigumu, nikaanza kutafuta njia ya kuizunguka sheria ya mama yake. Mama yake alisema asiingie kwenye mahindi. Hakusema asifundishwe.

Basi tukafundishana nyumbani. Nilikuwa na mistari michache ya mahindi yangu mwenyewe nyuma ya jiko, na tulianzia hapo. Lo, mtoto yule ana mikono! Gunia alilikunja mara ya pili tu likakaa vizuri, halafu akakataa kulivua, akala nalo chakula cha mchana. Nikamwambia atatia vumbi kwenye ugali. Akaniambia, "Kukhu, mvua haisubiri mtu avae." Nilicheka mpaka magoti yakaniuma. Jioni alikaa miguuni pangu akifunga mafundo kwenye majani makavu ya mahindi, kumi, ishirini, akiniuliza kila moja kama limekaza. Wakati mwingine nilimwambia halijakaza ilhali limekaza, ili tu asiondoke. Nilikuwa nimekaa peke yangu miaka minne. Kukaa na mtoto anayekuegemea goti huku anafanya kazi yake, hiyo ni furaha ambayo sitaweza kuieleza vizuri hata nikijaribu.

Wiki ya tatu nikajiambia: amejua. Kilichobaki ni mtihani. Mama yake akija atakuta mtoto aliyepita, atafurahi, atasahau alichosema. Uongo mtupu huo niliojidanganya nao, lakini siku hiyo ulionekana kuwa na akili.

Mtihani wenyewe ni rahisi. Mtoto anaingia kutoka upande wa geti langu, anavuka mistari hatua mia mbili kwenda ndani, anafumba macho, anazunguka mara tatu, halafu anatafuta mstari na kutoka mwenyewe. Mimi naenda na njia mpaka barabara ya lami, nakaa kwenye jiwe, namsubiri na mandazi. Mwaka huu magoti yalikuwa mabaya, nilitembea na mkongojo, lakini nilitangulia mapema. Nilichagua saa tano asubuhi kwa sababu mvua ya huku huja saa tisa. Nilimvika gambuti, nikamtundika gunia begani, nikamwuliza mstari hufanya nini.

"Haudanganyi!"

"Nenda, mama. Mimi nakungoja barabarani."

Akaingia. Majani yakatikisika kidogo, halafu yakatulia.

Sasa nieleze nilichokosea, na nisikilizwe vizuri, kwa sababu huko mtaani wengine wamekisimulia vibaya. Shamba lile mwaka huu lilikodiwa na mtu mwingine. Hilo nilikuwa najua. Nisilolijua ni kwamba huyo aliyelikodi, kwa kuona jinsi mvua inavyobeba udongo mpaka barabarani, aliagiza trekta ilime kukingama mteremko, si kushuka nao. Mistari yote ilikuwa imelala, kutoka upande wa geti langu mpaka kwenye kinamasi. Mwezi wa tatu na wa nne, wakati wa kulima na kupanda, mimi nilikuwa nimelazwa na magoti mjini kwa huyo huyo binti yangu. Niliporudi mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Na ukisimama getini kwangu huwezi kujua tofauti, maana pembeni pale trekta inapogeukia hupandwa mistari michache ya mwisho inayofuata ua, na hiyo hukaa vile vile kila mwaka. Niliitazama kila asubuhi nikinywa chai. Kuvuka njia na kuingia hatua ishirini kuhakikisha, sikufanya hivyo. Nilijua tayari. Mtu aliyejua tayari haendi kuangalia.

Nilikaa kwenye jiwe. Binamu zake walichukua robo saa, mwingine nusu saa. Nusu saa ikapita. Nikajiambia ni mwangalifu, anafunga mafundo yake. Saa ikakaribia kwisha. Halafu upepo ukaja wa baridi, nikatazama juu, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mikaratusi, jeusi tii. Saa sita mchana! Nilisimama nikaita. Radi ikajibu.

Ilikuwa mvua ya mawe. Wenyeji wanaijua: unaisikia kwanza kwenye mabati ya mbali, inakuja inakimbia, halafu iko juu yako. Nilijifunika khanga kichwani nikaingia kwenye mahindi, magoti au hapana magoti. Nilijua mistari ya kwanza itakuwa imelala kufuata barabara, hiyo ni ya pembeni, kisha nitakutana na ile inayopanda. Nikavuka wa tano. Wa kumi. Wa ishirini. Yote imelala. Nikasimama katikati ya mawe yale, majani yanachanika mbele ya macho yangu, na nikaelewa kitu chote kwa mara moja. Mstari huu haukuwa unakuja barabarani. Ulikuwa unakwenda kinamasini. Na mtoto wangu alikuwa ameambiwa na mimi, kwa mdomo wangu, asiuvuke.

Sijawahi kuogopa vile. Nilizika mume, sikuogopa vile.

Nilishika mstari kuelekea kushoto. Kukimbia siwezi, nilikuwa naburuta mguu na mkongojo unazama, nikaanguka mara mbili, mara ya pili nikauacha mkongojo huko huko. Nikatokea ukingoni, matete yamelazwa na mvua, maji yamejaa barafu nyeupe juu. Nikapanda na ukingo huo nikiangalia mwisho wa kila mstari. Hakuna. Hakuna. Halafu nikaona jani lililofungwa fundo, limekaza vizuri kabisa, na hatua tatu mbele yake, ndani ya tope, gambuti moja ya buluu imesimama peke yake, imejaa maji.

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka, pumzi haikuwepo. Machozi na kamasi vilikuwa vinashuka bila aibu. Sauti niliyopata ilikuwa ndogo, ya kumbembeleza mtoto mchanga. Nikasema: "Mama, ni mimi. Ni Kukhu. Njoo, mama. Sina hasira. Njoo."

Nyuma yangu, si kwenye tope, nyuma yangu ndani ya mahindi, gunia likasimama.

Alikuwa amechuchumaa hatua tano tu kutoka ukingoni, miguu pamoja, gunia kichwani limejaa mawe ya mvua mabegani. Mguu mmoja una gambuti, mwingine una soksi yenye tope mpaka gotini. Akanijia mbio akanigonga tumboni nikakaa chini, tukakaa hapo hapo matopeni, tukilia wote wawili, mimi kwa sauti kubwa kuliko yeye. Nilimshika kichwa, masikio, vidole, nikahesabu kila kitu. Alikuwa baridi kama maji ya kisima lakini alikuwa mzima.

Mvua ilipopungua akanieleza. Alitokea kwenye matete, akafikiri labda barabara iko baada ya matete. Hatua ya tatu mguu ukazama. Akauvuta, gambuti ikabaki, akarudi nyuma kinyumenyume. "Halafu nikakumbuka, ukitokea mahali hupajui, unakaa. Nikakaa."

"Hukuona mistari imelala, mama? Hukuona hakuna kupanda wala kushuka?"

"Niliona, Kukhu."

"Sasa mbona ukafuata?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si wewe ndiye ulisema?"

Nimetukanwa mara nyingi maishani, na mimi mwenyewe si mchache wa matusi. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama swali hilo la mtoto, ambalo wala halikuwa tusi.

Nilimbeba alipochoka, naye akawa mkongojo wangu nilipochoka, ndivyo tulivyofika nyumbani. Nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikamwosha, nikamvisha sweta zangu mbili, nikampa chai yenye tangawizi mpaka akatoa jasho puani. Alipopata nguvu akasogea sikioni kwangu.

"Kukhu, tusimwambie Mama."

Nilifikiria hilo siku mbili. Sitasema sikufikiria. Gambuti mpya zinauzwa sokoni. Mtoto hakuwa hata na mafua. Na nilijua bei ya kusema: likizo ya Desemba bila yeye, na Aprili, na miaka yote mingine, mpaka atakapokuwa msichana mkubwa anayenisalimia kwa simu akiwa anaangalia kitu kingine. Nilimtazama akilisha kuku, sweta yangu inaburuta chini, nikaona siwezi. Halafu nikaona pia kwamba nikinyamaza, nitakuwa nimemfundisha somo la sita, la kuficha alipopotea. Mtoto anayeficha hapatikani.

Jumamosi binti yangu alikuja. Nilimngoja getini, nikamwambia kabla hajashuka vizuri kwenye boda boda, maana najijua, ningeingia ndani ningetafuta maneno ya kujitetea.

"Nilimwingiza. Alipotea. Kosa ni langu, mistari imegeuzwa na mimi sikwenda kuangalia. Alifika mpaka kwenye kinamasi."

Alinipita, akaingia ndani, akamkumbatia mtoto kwa muda mrefu, akamgeuza geuza kama anamnunua. Akamwambia atoke nje akacheze. Kisha akatoa begi chini ya kitanda akaanza kupanga nguo. Mimi nilisimama mlangoni. Sikumwomba.

Alipofunga zipu ndipo akaniuliza, bado amenipa mgongo.

"Ulimpataje?"

Nikamweleza. Jani, gambuti, tope. Nikamwambia nilivyokosa sauti nikamwita hivyo hivyo, kwa kunong'ona.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aje. Kwamba sina hasira."

"Akaja?"

"Alikuwa karibu tu. Akaja mbio."

"Hukumchapa?"

"Nimchape kwa nini? Nilimshika tu, nikalia."

Binti yangu akakaa kitandani, mkono juu ya begi. Ana miaka thelathini na minane, ni mwalimu, watoto wa watu wanamwogopa. Uso wake ulikuwa umebadilika, ukawa uso ambao sikuwa nimeuona siku nyingi.

"Mama, ile siku yangu. Mimi nilikuwa nakusikia."

"Ulikuwa unanisikia wapi?"

"Muda wote. Ulipita mara tatu. Mara moja ulisimama mstari wa tatu kutoka kwangu, niliona miguu yako. Ulikuwa unasema ukinishika utanivunja mifupa. Nikaziba mdomo kwa mikono, ili usisikie nikipumua." Akatazama mikono yake. "Sikupotea mpaka jioni, Mama. Nilipotea kidogo tu. Zile saa zingine nilikuwa najificha, usinipate."

Nje mtoto alikuwa anafukuza kuku. Miaka thelathini na miwili nimejisifu kwa siku hiyo. Nimewasimulia watu. Nimewafundisha wajukuu kutafuta njia, kujikinga, kukaa, kuacha alama, na kumbe kitu kimoja nilichotakiwa kujifunza mimi mwenyewe, mtu mzima ninayetafuta, yaani kumwita mtoto bila kumtisha, hakuna aliyenifundisha, na yule pekee aliyekijua nilikuwa namwita mwoga.

"Na baadaye ukanichapa," akasema, "nikaona nilifanya vizuri kujificha."

Nilitaka kumwambia wakati ule ulikuwa mgumu. Nilitaka kumwambia niliogopa. Yote ni kweli, na yote hayakuwa ya kusema wakati huo. Nilijikokota mpaka kwenye kiti kilicho mbele ya kitanda, nikakaa, magoti yangu karibu yaguse yake. Begi halikuguswa tena siku hiyo, wala siku iliyofuata.

"Pole, mama," nikamwambia. Sauti ilitoka ndogo tena, na safari hii si kwa sababu ya pumzi. "Nimechelewa, lakini nimekuja. Sina hasira. Sikuchapi. Njoo."

Kati yetu hapakuwa na hata hatua moja. Alinitazama kwanza, kama anayehakikisha. Halafu akaja.